Karani, Nguruwe na Molasi: Historia Iliyotunzwa na Wenye Madai

Katika daftari moja lililoandikwa na makarani wa jeshi la Uingereza kwenye bandari ya New York mwaka 1783 kuna mstari ambao nimeurudia mara nyingi kuliko kurasa za vitabu vingi vinene vya historia. Unamtaja mwanamume aitwaye Harry Washington, umri miaka 43, ambaye karani alimsifu kwa ufupi kuwa ni jamaa mwenye siha njema, kisha akaongeza kwamba zamani alikuwa mali ya Jenerali Washington na kwamba alimwacha miaka saba iliyopita. Jenerali huyo ni yule yule George Washington aliyeliongoza jeshi la makoloni 13 dhidi ya Mfalme wa Uingereza, na ambaye miaka sita baadaye alikula kiapo cha urais wa kwanza wa Marekani. Siku mstari huo ulipoandikwa, tarehe 31 Julai, Harry alikuwa akipanda meli iitwayo L'Abondance pamoja na mamia ya watu weusi wenzake, akiiacha nchi iliyotoka kupata uhuru ili na yeye akautafute wa kwake.

Mimi si mwanahistoria kwa kazi, ila ni msomaji mwenye mazoea ya kutaka kujua habari imetufikiaje kabla ya kuifurahia. Kwa mazoea hayo nimegundua jambo moja ambalo hunisumbua kila ninaposoma visa vya ajabu vya historia ya Uingereza na Marekani, vile visa visivyopewa nafasi katika masomo ya shule. Wafalme na majenerali huandikwa kwa sababu ya ukuu wao. Mtu wa chini huandikwa pale mwenye mali anapodai kulipwa. Daftari lile la New York halikuanzishwa ili kumkumbuka Harry. Lilianzishwa ili siku moja aliyekuwa bwana wake aweze kuonyesha ni mali gani aliyopoteza.

Harry alizaliwa Afrika Magharibi, pande za mto Gambia, na Washington alimnunua mwaka 1763. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchimba mitaro katika Great Dismal Swamp, eneo kubwa la kinamasi kwenye mpaka wa Virginia na North Carolina, ambako Washington na wenzake walitaka kukausha maji wapate ardhi ya kulima. Baadaye alihamishiwa Mount Vernon, shamba la nyumbani kwa bwana wake, akawa mtunza farasi. Mwaka 1771 alijaribu kutoroka akarudishwa.

Mnamo Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa mwisho wa Mfalme katika Virginia, alitoa tangazo kwamba watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wake na kuchukua silaha watakuwa huru. Asidhani mtu kwamba huruma ndiyo iliyomsukuma. Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa, na tangazo lake halikumgusa mtumwa wa mtu aliyebaki mtiifu kwa Mfalme. Lilikuwa pigo la kivita lililolenga mifuko ya maadui. Hata hivyo, waliolisikia hawakuwa na haja ya kuchunguza nia ya aliyelitoa, nao walianza kukimbia kwa mamia, na kadiri vita vilivyoendelea wakawa maelfu. Harry akawa koplo katika kikosi kilichoitwa Black Pioneers, ambacho hakikupewa heshima ya kupigana bali kazi ya kuchimba, kujenga na kusafisha, na bila kazi hiyo jeshi lolote hukwama.

Vita vilipokaribia kwisha, wajumbe wa pande mbili walikutana Paris, na tarehe 30 Novemba 1782 wakatia saini mkataba wa awali wa amani. Dakika za mwisho kiliongezwa kifungu kwamba Waingereza wataondoka bila kuchukua watu weusi wala mali nyingine ya wakazi wa Marekani. Aliyekipendekeza ni Henry Laurens wa South Carolina, mtu aliyetajirika kwa kuuza watumwa mjini Charleston. Mjumbe wa Uingereza aliyekikubali bila ubishi ni Richard Oswald, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mmoja wa wamiliki wa ngome ya Bunce Island kwenye mto wa Sierra Leone, mahali ambapo mateka walikusanywa na kupakiwa melini kupelekwa kwa Laurens awauze. Kwa maneno mengine, washirika wawili wa zamani katika biashara ya watu ndio waliokaa mezani, mmoja kwa niaba ya taifa jipya na mwingine kwa niaba ya Mfalme, wakaandika mstari uliowarudisha maelfu ya watu katika hesabu ya mali. Ningetamani kila somo la Mkataba wa Paris lianzie hapo.

Habari za kifungu hicho zilipofika New York, mji uliokuwa bado mikononi mwa Waingereza na uliojaa watoro, hofu ilitanda. Mabwana walianza kuwasili kutoka Virginia na Carolina kuwatafuta watu wao, na wengine waliwakamata barabarani au hata kitandani. Boston King, seremala aliyetoroka kutoka South Carolina, alisimulia baadaye kwamba kwa siku kadhaa walikosa hamu ya kula na usingizi ukawatoroka.

Aliyeupindua mkondo wa mambo ni Sir Guy Carleton, kamanda mkuu wa Uingereza. Alipokutana na Washington karibu na Tappan tarehe 6 Mei 1783, Washington alimkumbusha kifungu kile. Hakuwa anasema kwa niaba ya wengine tu, kwani siku chache kabla alikuwa amemwandikia wakala mmoja mjini New York akimwomba aangalie kama watu wake mwenyewe wamo humo. Carleton alijibu kwamba baadhi yao wamekwisha kusafirishwa. Hoja yake ilikuwa kwamba watu waliokimbilia kwa Waingereza kabla ya mkataba walikuwa wamekwisha kuahidiwa uhuru, kwa hiyo siku ya kutia saini hawakuwa tena mali ya mtu, na kuwarudisha kungekuwa kuvunja ahadi na kulidhalilisha taifa. Lakini Carleton alikuwa pia mtu wa utaratibu. Aliongeza kwamba ameagiza kila mmoja wao aandikwe, ili ikiwa baadaye itaamuliwa kwamba kuwaondoa kulikuwa kosa, waliowamiliki waweze kulipwa.

Hivyo ndivyo daftari lilivyozaliwa. Kila Jumatano, katika mkahawa wa Samuel Fraunces uliokuwa na jina kubwa mjini, kamati ya maofisa wa pande mbili ilikaa kusikiliza migogoro, huku waliokubaliwa wakipewa vyeti vilivyotiwa saini kwa jina la Brigedia Jenerali Samuel Birch. Makarani waliandika jina la meli, inakoelekea, jina la mtu, umri, maelezo ya mwili wake, na jina la aliyekuwa bwana wake. Maelezo ya mwili yanachoma moyo, kwa kuwa yameandikwa kwa jicho la mnunuzi: huyu mnene, huyu amechakaa, huyu ana kovu shavuni. Hata hivyo, mwisho wake tuna majina ya watu wapatao 3,000, wanaume, wanawake na watoto wa kunyonya, ambao wengi wao wasingeandikwa popote kwa jina kamili. Nakala moja ya daftari hilo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, na nyingine iko Washington, katika mji mkuu uliopewa jina la aliyekuwa bwana wa Harry.

Na fidia yenyewe haikulipwa kamwe. Wamarekani walidai kwa zaidi ya miaka kumi, hadi mjumbe wao, John Jay, alipokwenda London mwaka 1794 kufanya mkataba mwingine na kuliacha dai hilo kando. Daftari lilishindwa kazi lililoandikiwa, likabaki na kazi ambayo hakuna aliyeikusudia.

Safari ya Harry haikuishia hapo. Meli ilimshusha Nova Scotia, koloni la Uingereza katika Kanada ya leo, ambako yeye na wenzake wakaanzisha makazi yaliyoitwa Birchtown kwa heshima ya yule aliyetia saini vyeti vyao. Ardhi waliyoahidiwa ilichelewa, na iliyotolewa ilikuwa kidogo na yenye mawe. Mwaka 1784 askari wazungu waliostaafu katika mji jirani wa Shelburne waliwashambulia weusi na kuzibomoa nyumba zao, kwa kisingizio kwamba wanakubali ujira mdogo mno. Ndiyo maana Thomas Peters, sajini wa zamani wa kikosi kile kile cha Black Pioneers, alipovuka bahari hadi London kulalamika, na kampuni moja ya huko ikaahidi ardhi isiyo na malipo barani Afrika, watu karibu 1,200 walikubali kuondoka. Januari 1792 meli 15 ziling'oa nanga Halifax kuelekea Sierra Leone. Harry alikuwamo. Makazi yao mapya, Freetown, hayakuwa mbali na ngome ile ya Bunce Island, ambayo wakati huo ilikuwa bado inauza watu.

Kampuni iliwadai kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure. Walowezi walikataa, wakatuma malalamiko London, hawakusikilizwa, na mnamo Septemba 1800 baadhi yao wakaasi. Uasi ulizimwa kwa msaada wa askari waliotokea kuwasili kwa meli wiki hiyo hiyo. Wawili walinyongwa, na Harry Washington akawa miongoni mwa waliofukuzwa na kupelekwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom. Aliyekuwa bwana wake alikuwa amefariki miezi tisa kabla, akiombolezwa kama mtu aliyekataa kutozwa kodi na watawala wa London bila ridhaa yake.

Nilipomaliza kuifuatilia habari hiyo nilidhani ni ya pekee. Kumbe miaka 31 baada ya daftari la Carleton, mataifa hayo mawili yalirudia karibu kila hatua. Wakati wa vita vya 1812 Admirali Alexander Cochrane alitoa tangazo, tarehe 2 Aprili 1814, akiwakaribisha watu wote wanaotaka kuhama Marekani waje na familia zao wajiunge na jeshi la Uingereza au wapelekwe katika makoloni wakaishi huru. Neno mtumwa halimo katika tangazo hilo, lakini hakuna aliyelielewa vibaya. Watoro walifika kwa mitumbwi hadi kisiwa cha Tangier kwenye ghuba ya Chesapeake, na wanaume wakaundiwa kikosi cha Colonial Marines. Tarehe 24 Agosti walikuwa pamoja na Waingereza walioshinda vita vya Bladensburg na kuingia Washington jioni hiyo. Picha inayochorwa katika vitabu ni ya Ikulu inayowaka moto na mke wa rais, Dolley Madison, akihimiza picha kubwa ya George Washington iokolewe. Picha ambayo sijawahi kuiona ikichorwa ni ya wanaume waliokuwa watumwa katika mashamba ya Virginia na Maryland miezi michache tu kabla, wakiwa wamevaa sare nyekundu katika jeshi lililouteketeza mji mkuu wa waliowamiliki.

Baada ya vita walipelekwa Bermuda, wakakataa kuhamishiwa katika vikosi vya kawaida vya West Indies, na mwaka 1816 wakapewa ardhi katika misitu ya kusini mwa Trinidad. Walikaa kwa kufuata kombania zao, na vijiji vyao hadi leo huitwa Third Company, Fifth Company na Sixth Company. Wenyeji wa huko huwaita Merikins.

Kifungu kikawekwa tena katika mkataba wa amani wa Ghent, kikakatalia tena uchukuaji wa watumwa, na ubishi ukaanza upya. Safari hii walishindwa kabisa kuelewana, wakampelekea shauri Tsar Alexander wa Kwanza wa Urusi, mtawala aliyekuwa na mamilioni ya watumwa wa ardhi nchini mwake, awaamulie maana ya sentensi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1822 aliwapa haki Wamarekani, na mwaka 1826 Uingereza ikakubali kulipa dola 1,204,960. Tume ikapanga wastani wa bei: mtu wa Louisiana dola 580, mtu wa Virginia au Maryland dola 280. Ili kulipwa, ilimbidi kila mdai ajaze karatasi zinazotaja jina la aliyetoroka, umri wake, kazi yake, usiku aliotoroka na aliotoroka nao. Bila uchoyo wa wadai hao tungejua kwamba watu walikimbia, lakini tusingejua ni nani aliyemshika mkono nani.

Nguruwe wa kisiwa cha San Juan ninamtaja kwa kupita, kwa kuwa wapenda visa vya ajabu wengi wanamjua, ingawa kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho tu. Mkataba wa 1846 uliweka mpaka wa Marekani na milki ya Uingereza katikati ya mlango-bahari unaokitenga kisiwa cha Vancouver na bara, bila kuangalia ramani vizuri, maana milango ilikuwa miwili, Haro na Rosario, na visiwa kadhaa vilikaa katikati yake. Tarehe 15 Juni 1859 mkulima Mmarekani, Lyman Cutlar, alimpiga risasi nguruwe wa Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya Waingereza, aliyekuwa akifukua viazi vyake. Masimulizi yanasema alitaka kulipa dola 10, akaombwa 100. Kufikia Agosti walikuwapo askari wa Marekani zaidi ya 400 ufukweni na manowari tano za Uingereza baharini. James Douglas, gavana wa koloni la Uingereza la Vancouver, alitaka Wamarekani waondolewe kwa nguvu, na Admirali Robert Baynes wa manowari hizo akakataa katakata kuyaingiza mataifa makubwa mawili vitani kwa ugomvi wa nguruwe. Walikaa pamoja kisiwani kwa miaka 12, kila jeshi na kambi yake, wakialikana kwenye sikukuu, hadi Kaisari Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani alipoamua mwaka 1872 kwamba visiwa ni vya Marekani. Kinachonivuta mimi katika kisa hiki ni utaratibu wake: mali imepotea, anayedai hakubaliani na anayedaiwa, maneno ya mkataba hayatoshi, mfalme wa mbali anaombwa aamue. Ni njia ile ile iliyotumika kwa watu waliokimbilia meli za Cochrane, isipokuwa kwamba nguruwe hakuwa na jina.

Je, mambo huwaje pale ambapo wanaodai ni maskini? Nimejiuliza swali hilo kwa sababu ya ajali mbili zinazofanana ajabu, moja ya London na nyingine ya Boston, ambazo waandishi wengi huziweka pamoja kwa ajili ya mshangao na kuziacha hapo hapo.

Ya London ilitokea tarehe 17 Oktoba 1814, wiki chache baada ya Washington kuchomwa. Katika kiwanda cha bia cha Meux kwenye kona ya Tottenham Court Road kulikuwa na pipa la mbao lenye urefu wa karibu mita 7, lililofungwa kwa pete nzito za chuma. Jioni hiyo George Crick, karani wa ghala, aliona pete moja imechomoka. Lilikuwa jambo la kawaida, akaandika barua fupi ili lirekebishwe baadaye. Saa moja hivi baada ya hapo pipa lilipasuka, likavunja mapipa mengine na ukuta wa kiwanda, na bia ikamiminika katika vichochoro vya St Giles, mtaa wa mafukara wengi wao kutoka Ireland, waliokuwa wakiishi hadi katika vyumba vya chini ya ardhi. Watu wanane walikufa, wote wanawake na watoto. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika katika chumba cha chini kumwombolezea mtoto wa miaka miwili aliyefariki kabla.

Siku mbili baadaye baraza la uchunguzi wa vifo liliketi na kuamua kwamba ilikuwa bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa. Kampuni haikuwalipa wafiwa kitu. Iliomba, ikapewa, kurudishiwa ushuru iliokuwa imekwisha kuilipa serikali kwa bia iliyomwagika, kiasi cha zaidi ya pauni 7,000. Karatasi zikaishia hapo, na katika pengo hilo uzushi ukapata nafasi. Leo ukitafuta habari za mafuriko hayo utasoma kwamba makundi ya watu yalikimbilia kuchota bia kwa vyungu na kofia, na kwamba kuna aliyekunywa hadi akafa. Magazeti ya wiki ile hayana habari hiyo, na yaliandikwa na watu wasiokuwa na upendo wowote kwa Waayalandi wa St Giles; laiti wangeona ulevi wangeutangaza kwa furaha. Yanachosimulia ni watu waliojizuia wasipige kelele ili waokoaji wasikie sauti za waliofukiwa. Waliokufa wamegeuzwa kichekesho cha baa, na hakuna ushahidi wa kiapo wa jirani zao wa kutosha kukijibu.

Ya Boston ilitokea tarehe 15 Januari 1919 saa saba kasoro mchana. Tangi la chuma lenye kimo cha mita 15 na upana wa mita 27, kando ya Commercial Street katika mtaa wa North End, lilipasuka na kumwaga molasi, yaani sharubati nzito ya miwa, lita zaidi ya milioni 8. Wimbi lake lilipanda hadi karibu mita 8 na kusukumwa kwa kasi ya kilomita 56 kwa saa, likang'oa nyumba kwenye misingi na kupinda nguzo za reli ya juu. Watu 21 walikufa na 150 wakajeruhiwa, na farasi wakanasa kama nzi, wengine ikabidi wapigwe risasi. Molasi ilikuwa malighafi ya alkoholi ya viwandani, ambayo wakati wa vita iliuzwa kwa watengeneza baruti.

Mtaa huo pia ulikuwa wa maskini, wengi wao wahamiaji kutoka Italia, na kampuni iliyolimiliki tangi ilikuwa tajiri na yenye mawakili hodari. Ilidai kwamba waanarkisti wa Kiitalia, wapinzani wa serikali za kila namna, ndio waliotega bomu, dai lililoaminika kirahisi mwaka ule wa hofu. Lakini safari hii wafiwa na majeruhi walifungua kesi, zaidi ya 100, zikaunganishwa na kukabidhiwa mwanasheria Hugh Ogden azisikilize. Alisikiliza kwa miaka. Kumbukumbu zake zilifikia kurasa zipatazo 25,000, na humo ndimo tunamojua kwamba msimamizi wa ujenzi, Arthur Jell, alikuwa mtu wa hesabu za fedha asiyeweza kusoma michoro ya kihandisi. Kwamba tangi halikuwahi kujaribiwa kwa kujazwa maji, isipokuwa kina kidogo tu sakafuni. Kwamba mabati yake yalikuwa membamba kuliko ilivyotakiwa. Kwamba lilivuja tangu mwanzo hadi watoto wa mtaa wakawa wanakuja na makopo kukinga molasi, na kampuni ikajibu kwa kulipaka rangi ya kahawia ili mivujo isionekane. Mwaka 1925 Ogden aliitupilia mbali habari ya bomu, na kampuni ikalipa takribani dola 628,000. Sheria za Massachusetts zikakazwa kuhusu wahandisi wanaoidhinisha michoro ya ujenzi.

Ninapozisoma ajali hizi mbili pamoja, naona tofauti yao iko katika karatasi zaidi kuliko katika bia na molasi. Maskini wa Boston walikuwa wadai, na kwa sababu hiyo tunayo maneno yao. Maskini wa St Giles hawakuwa wadai wa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo mwenye kiwanda ndiye aliyebaki na haki ya kuitwa mwenye hasara.

Nirudi kwa Harry, kwa sababu kuna jambo nililichelewesha makusudi. Mnamo Aprili 1781 manowari ya Uingereza iitwayo Savage ilipanda mto Potomac hadi Mount Vernon, na watu 17 wakaondoka nayo. Lund Washington, ndugu aliyekuwa akisimamia shamba, aliwapelekea maofisa wa manowari vyakula akitumaini kuwarudisha watu hao, na George Washington akamkaripia kwa barua, akisema afadhali nyumba yake ingechomwa kuliko kumlisha adui. Lund alitengeneza orodha ya waliopotea. Ndani yake kuna Harry, mtunza farasi, umri kama miaka 40. Kuna pia Deborah, msichana wa kama miaka 16.

Deborah huyo anaonekana tena katika daftari la New York, Aprili 1783, akipanda meli iitwayo Polly pamoja na mumewe. Karani aliandika kwamba ana miaka 20, ana makovu ya ndui, alikuwa mtumwa wa Jenerali Washington na alimwacha yapata miaka minne iliyopita. Orodha ya bwana inasema miwili. Kwa Harry, daftari linasema miaka saba, na ikiwa mtunza farasi wa orodha ya Lund ndiye yeye, basi naye ilikuwa miwili tu.

Nimezifungua orodha hizo mbili kando kwa kando kwenye kioo cha kompyuta mara nyingi. Umri, makovu, siha na bei ni maneno ya wanaohesabu mali. Idadi ya miaka ya kuwa huru ndiyo ambayo karani hakuweza kuiona kwa macho, ilimlazimu aulize, na aliyejibu ni Deborah.